Simu Ikiwa Ndiyo Inayojibu

Mgawanyo wa kazi kwenye intaneti umekaa vilevile kwa muda mrefu kiasi kwamba hatuuoni tena. Simu huuliza, seva hujibu. Ukitaka kujua salio lako, ratiba ya ndege au bei ya mahindi, simu hupeleka ombi kwenye kompyuta iliyofungiwa ndani ya jengo lenye viyoyozi na majenereta, mara nyingi nje ya bara hili, na jibu linarudi. Simu yenyewe, pamoja na vihisi vyote ilivyojazwa, haiulizwi kitu. Kazi yake ni kutoa tu. Programu zilizomo zinachota mahali ulipo, mwendo wako na orodha ya namba zako na kuvipeleka kwa wenye programu. Nawe siku ukivihitaji, sharti uviombe huko vilikokwenda.

Je, mambo yakigeuzwa? Programu ndogo ya seva ikikaa ndani ya simu na kuwa na anwani yake, mtu au kompyuta nyingine inaweza kuiuliza moja kwa moja: uko wapi, unakwenda kasi gani, uko ndani ya jengo au nje, mwenye simu yuko kikaoni au ana nafasi? Hiyo ndiyo huduma ya wavuti inayotambua muktadha, ikitolewa na simu yenyewe. Muktadha hapa una maana pana. Anind Dey, mtafiti aliyeandika mengi kuhusu jambo hili, alieleza mwaka 2001 kuwa ni taarifa yoyote inayosaidia kueleza hali ya mtu, mahali au kitu kinachohusika katika mawasiliano ya mtumiaji na programu. Mahali ulipo ni muktadha. Giza ni muktadha. Betri kubakiwa na asilimia 9 ni muktadha pia.

Niseme mapema ninapoelekea. Kuweka seva ndani ya simu kunawezekana, na kumewezekana kwa takriban miaka 20. Kinachokwamisha ni anwani, ni usingizi wa simu, na ni maslahi ya wale wanaonufaika simu ikiendelea kutoa bila kuulizwa. Huduma zinazostahili kukaa simuni ni chache kuliko wapenzi wa wazo hili wanavyodai, ila kwa hizo chache hakuna seva ya mbali inayofua dafu.

Wazo la kompyuta kutambua hali ya anayeitumia ni la zamani kuliko simu janja. Mwaka 1992 Roy Want, Andy Hopper na wenzao wa maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, walichapisha maelezo ya beji waliyoibuni. Mfanyakazi aliivaa kifuani, nayo ikatoa mwale wa infraredi kila sekunde 15, ili anayepokea simu za ofisi ajue amuunganishe mpigaji na chumba gani. Miaka miwili baadaye Bill Schilit na wenzake wakalipa jambo hili jina linalotumika hadi leo. Ila tuangalie vizuri beji ile. Haikujibu swali lolote. Ilitangaza tu, na kompyuta ya jengo ikakusanya matangazo yote na kuyaweka. Mpango huo ndio simu zetu zilioutwaa bila kuuhoji: kifaa kinatangaza, kituo kikuu kinahifadhi, na mwenye kuuliza anakwenda kituoni.

Waliojaribu kuugeuza walianza mapema. Katikati ya muongo wa 2000, Satish Srirama, Matthias Jarke na Wolfgang Prinz, wakiwa Aachen, Ujerumani, waliweka seva ya huduma za wavuti kwenye simu ya Sony Ericsson P800, simu iliyoingia sokoni mwaka 2002 na ambayo leo fundi wa Kariakoo angeiweka kwenye boksi la vyuma chakavu. Walipima muda kuanzia ombi linapotumwa hadi jibu linapofika. Simu yenyewe ilitumia chini ya asilimia 10 ya muda huo kuchakata ombi. Muda wote uliobaki ulipotea njiani, kwenye mtandao wa GPRS. Mwaka 2006 nao watafiti wa Nokia wakaeleza jinsi walivyoihamishia Apache, seva maarufu ya wavuti, kwenye simu za Symbian. Mwenye simu aliweza kuwafungulia wenzake kalenda yake kupitia kivinjari, kupokea ujumbe wao, hata kuruhusu wamwombe picha ya pale alipo. Huduma hiyo ilifungwa baada ya miaka michache.

Kwa hiyo hoja ya nguvu ya kichakataji ilikwisha kabla mjadala haujaanza. Ikiwa P800 iliweza, simu ya bei ya chini ya leo, yenye viini kadhaa na gigabaiti za kumbukumbu, inaweza mara nyingi zaidi. Swali la maana ni kwa nini mtu aweke huduma humo wakati seva za kukodi zimejaa na bei yake ni ndogo.

Tuchukue matatu za Nairobi. Mradi wa Digital Matatus, uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Nairobi, MIT, Chuo Kikuu cha Columbia na kampuni ya Groupshot, uliwapandisha wanafunzi kwenye matatu wakiwa na simu mkononi, wakirekodi vituo na njia. Mwaka 2014 ramani ikatoka, yenye njia zaidi ya 130 ambazo hadi wakati huo zilikuwa vichwani mwa makondakta na abiria tu. Ni kazi ya kupigiwa mfano. Hata hivyo ramani hujibu swali la matatu hupita wapi. Abiria aliyesimama kituoni saa kumi na mbili jioni, mvua ikianza kudondoka, anauliza jambo jingine: matatu iko wapi sasa hivi, na ina nafasi? Jibu la swali hilo liko sehemu moja tu duniani, ndani ya gari lenyewe, na ndani ya gari kuna simu ya kondakta.

Kuna njia mbili za kulitoa jibu hilo. Ya kwanza ni ile ya beji: simu itangaze mahali ilipo kila baada ya sekunde 10 kwa seva ya mbali, abiria waulize huko. Gari likifanya kazi saa 14, matangazo yanafika 5,040 kwa siku, yawe na msomaji au yasiwe naye. Ya pili ni kuiuliza simu yenyewe pale mtu anapohitaji. Ikiulizwa mara 200 kwa siku, itajibu mara 200, basi. Data imepungua, betri imepona, na hakuna mtu wa tatu aliyebaki na kumbukumbu ya kila kona ambayo kondakta alipita.

Lakini hesabu hiyohiyo hugeuka. Njia ikiwa na abiria 3,000, kila mmoja akichungulia mara tano kwa siku, maswali ni 15,000, na mengi yanakuja kwa pamoja saa za kwenda na kurudi kazini. Hapo simu ya kondakta itaelemewa na bando litaisha kabla ya chakula cha mchana, ilhali seva ya mbali isingetikisika. Kanuni inayotoka humo ni rahisi, na nashangaa ni mara chache kuiona ikisemwa waziwazi. Taarifa inayobadilika mara nyingi kuliko inavyoulizwa, ibaki simuni. Taarifa inayoulizwa mara nyingi kuliko inavyobadilika, ipelekwe juu. Menyu ya mgahawa iende kwenye seva ya kukodi. Hali ya mgonjwa mmoja anayefuatiliwa na muuguzi mmoja, joto la boksi la chanjo lililofungwa kwenye pikipiki, nafasi ya fundi mmoja anayesubiriwa na mteja mmoja, hizo ni kazi za simu.

Kanuni ni nzuri, ila ili mtu aiulize simu lazima ajue pa kuipata, na hapo ndipo kazi ilipo. Anwani za IP za mfumo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima. IANA, mamlaka ya juu ya ugawaji, ilimaliza mafungu yake Februari 2011. Kampuni za simu zilikuwa zimeshajua pa kujibana: maelfu ya wateja wanawekwa nyuma ya anwani chache za hadharani, na kwa ndani kila simu inapewa anwani isiyojulikana nje. Mwaka 2012 likatengwa fungu maalumu kwa kazi hiyo, linaloanzia 100.64.0.0, lenye anwani zaidi ya milioni 4, na linaweza kutumiwa upya na kila kampuni kwa sababu halitoki nje. Zima Wi-Fi, washa data ya laini, kisha angalia anwani kwenye mipangilio ya simu yako. Ukikuta inaanza na 10, au na 100 ikifuatiwa na namba kati ya 64 na 127, wewe ni mmoja wa waliowekwa nyuma ya ukuta. Simu yako inaweza kuita nje. Nje hakuwezi kuiita simu yako.

IPv6 ilitarajiwa kumaliza shida hii, maana anwani zake za biti 128 zinatosha kila kifaa na kubaki. Inamaliza nusu tu. Ni kawaida kwa kampuni za simu kuzuia maombi yanayotoka nje hata kwenye IPv6, na sababu zao si za kupuuza. Kila pakiti inayobisha hodi, hata ya mhuni anayejaribu milango, inaiamsha redio ya simu, inakula betri na inakatwa kwenye bando la mteja. Isitoshe simu haitulii mahali pamoja. Ukitoka nyumbani kwenye Wi-Fi ukaingia kwenye data ya laini, anwani imebadilika, na aliyekuwa anasubiri jibu anabaki akiongea na mlango uliofungwa.

Njia inayofanya kazi ni ileile waliyoitumia Nokia. Simu inafungua yenyewe muunganisho kwenda kwa mjumbe aliye na anwani ya hadharani, na kuuacha wazi. Maswali yanafika kwa mjumbe, mjumbe anayapitisha, simu inajibu kupitia mlango uleule. Huduma za kusukuma arifa za Google na Apple, ambazo kila programu ya ujumbe inazitegemea, zimejengwa kwa mtindo huo. Kwa hiyo hata seva ya mfukoni inahitaji seva ya nje ili ionekane, na watu wengi husimamia hapo wakasema basi wazo zima halina maana, kama kuna mtu wa kati turudi tu kwenye wingu, yaani seva za mbali. Sikubaliani nao. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu wa kati anayepitisha na mtu wa kati anayehifadhi. Swali na jibu vikisimbwa kutoka kwa muulizaji hadi kwa simu, mjumbe anabeba asichoweza kusoma. Anajua kuwa fulani ameulizwa saa ngapi, hajui ameulizwa nini wala amejibu nini. Wingu la kawaida linajua vyote na linaviweka. Ndiyo maana nilitaja maslahi. Kampuni inayoishi kwa kuuza matangazo haina sababu ya kuhimiza mpango ambao unaiacha bila taarifa, hata kama mpango huo ni nafuu kwa mtumiaji.

Afrika Mashariki, kwa njia isiyotarajiwa, ilishapata suluhisho la anwani. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Envaya, jukwaa lililokuwa likitengenezea tovuti asasi za kiraia za Tanzania, lilitoa programu huria ya EnvayaSMS. Ushahidi, taasisi iliyozaliwa Kenya katika vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nayo ikatoa SMSsync. Zote mbili zilifanya kazi moja: simu ya Android inageuzwa kuwa lango, SMS ya mwananchi inaingia, simu inaipeleka kwenye wavuti, na jibu likitoka kwenye wavuti simu inalituma kwa SMS. Vitabu vya teknolojia havikuziita seva za simu, lakini ndizo hasa. Na zilifaulu kwa sababu mbili ambazo watafiti wa Aachen hawakuwa nazo. Namba ya simu ni anwani ya hadharani isiyobadilika, inayojulikana na kila mtu, na mtandao unaifikisha SMS hata mwenye simu akihama kutoka Mtwara kwenda Bukoba. Halafu simu hizo zilikaa juu ya meza ya ofisi zikiwa zimechomekwa kwenye umeme.

Hilo la umeme linatuleta kwenye usingizi. Seva hungoja, ndiyo tabia yake. Simu imeundwa isingoje. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, walipima matumizi ya nishati kwenye mitandao ya 3G na kukuta kwamba karibu asilimia 60 ya nishati ya upakuaji wa kawaida inatumika baada ya data kwisha kupita. Redio hubaki macho kwa sekunde kadhaa ikidhani kazi nyingine inakuja, sawa na jiko la mkaa linaloendelea kuwaka wakati ugali umeshaliwa. Sasa fikiria seva inayoulizwa swali dogo kila baada ya nusu dakika. Baiti zenyewe hazifiki hata uzito wa picha moja, lakini redio haipati nafasi ya kulala kwa raha. Mitandao ya 4G imerekebisha baadhi ya mambo, ila tabia ya msingi imebaki.

Wenye mifumo endeshi walichukua hatua, na hatua zao ziliiumiza seva ya mfukoni kuliko kitu kingine. Android 6.0 ya mwaka 2015 ilileta hali iitwayo Doze: simu isiyochajiwa, iliyotulia, kioo kimezimwa, inakatiwa programu zake mtandao na kuachiwa madirisha mafupi ya kupumua. Android 8.0, mwaka 2017, ikabana huduma zinazofanya kazi chinichini. Kwa iPhone hali ni kali zaidi. Programu ikiondolewa mbele husimamishwa baada ya muda mfupi, na mlango wake wa kusikiliza unakufa nayo. Watengenezaji kadhaa wa simu za bei nafuu wameongeza ukali wao wenyewe, wakiua programu ili betri ionekane inadumu. Mwandishi wa programu wa Dar es Salaam anayetaka huduma yake iishi atalazimika kumwelekeza mteja aingie kwenye mipangilio mitatu tofauti, kila aina ya simu na yake. Wateja wengi hawatafika huko.

Dawa iliyopo ni kuacha kudai seva iwe macho saa zote. Simu ilale, na swali likija mjumbe aiamshe kwa arifa ya haraka, ijibu, irudi kulala. Jibu litachelewa sekunde chache. Kwa anayesubiri fundi au muuguzi, sekunde chache si kitu. Ila kwa kutumia njia hiyo tumerudi kwenye mikono ya Google na Apple, maana arifa zenye uwezo wa kuiamsha simu ni zao. Sioni njia ya kulikwepa hilo kwa simu ya kawaida iliyo mfukoni mwa mtu wa kawaida.

Kuna pembe moja ambako anwani si tatizo kabisa: pale muulizaji na simu wapo chumba kimoja. Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, inaiwezesha simu ya Android kuwagawia walio karibu vitabu vilivyomo kupitia hotspoti. Mwalimu anawasha, wanafunzi wanafungua kivinjari, wanasoma, na hakuna baiti hata moja iliyopita kwenye mnara. Muktadha wa huduma hiyo ni ukaribu wenyewe: anayepata ni aliyepo. Kero ni kwamba vivinjari vya leo vinataka kila tovuti iwe na cheti cha usalama, na vyeti havitolewi kwa urahisi kwa simu iliyo darasani isiyo na jina la hadharani. Matokeo yake kivinjari kinatoa onyo kuwa tovuti si salama, wakati data haijatoka hata nje ya mlango.

Kuhusu lugha ambazo huduma hizi huzungumza sina haja ya kukaa sana. Enzi ya P800 ilikuwa enzi ya SOAP, yenye ujumbe mrefu wa XML ambamo swali la maneno mawili linavishwa koti zito. Mtindo wa REST, ambao Roy Fielding aliueleza katika tasnifu yake ya mwaka 2000, ulishinda kwa wepesi wake. Kwa vifaa vidogo ikaja itifaki ya CoAP mwaka 2014, ambayo kichwa cha ujumbe wake ni baiti 4 tu na ambayo baadaye ilipewa uwezo wa muulizaji kujiandikisha ili ajulishwe hali inapobadilika. Hapo mabishano ya itifaki yangeweza kufungwa.

Kinachohitaji kufikiriwa zaidi ni ubora wa jibu. Vihisi havitoi muktadha, vinatoa namba. Kipimo cha mtikisiko kinasema simu inatikisika, na ni juu ya programu kuamua kama mwenyewe anatembea, yuko kwenye bodaboda, au simu iko juu ya mashine ya kusaga. GPS hupotea ndani ya majengo na kuyumba katikati ya maghorofa. Simu ya kondakta inaweza kuwa mkononi mwa kondakta anayekunywa chai gari likiwa limeondoka. Na mtu anaweza kudanganya makusudi: Android yenyewe ina mpangilio wa mahali pa kubuni uliowekwa kwa ajili ya wanaojaribu programu, na si wote wanaoutumia ni wajaribu. Kwa hiyo huduma ya aina hii isijibu tu kwamba gari liko Westlands. Iseme ilijua hivyo lini na kwa uhakika kiasi gani: dakika tatu zilizopita, ndani ya mita 50. Jibu la muktadha lisilo na umri wake ni uvumi.

Muktadha unapaswa kuielekeza hata seva yenyewe. Betri ikishuka chini ya asilimia 20, ijibu mara chache na kwa takwimu za awali badala ya kuwasha GPS. Ikiwa kwenye Wi-Fi, ijibu kwa wingi. Ikiwa kwenye bando la mwenyewe, ikatae ya wasiojulikana. Mwenyewe akiwa amelala, inyamaze. Seva ya jengo la viyoyozi haihitaji busara hii, kwa sababu haina mwenyewe anayelala.

Mwenye simu ndiye mwenye la kupoteza kubwa zaidi. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichambua kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5 kwa miezi 15, wakaonesha kuwa alama nne tu za mahali na wakati zinatosha kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu. Jina halihitajiki. Mtu akijua ulikuwa wapi mara nne, amekwisha kukupata katika shehena nzima. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kuiacha taarifa simuni na kuruhusu majibu tu yatoke.

Tumeliona hilo likitendeka kwa mamilioni ya watu. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, Google na Apple walitoa kwa pamoja mfumo wa kuwajulisha watu waliokaribiana na mgonjwa. Simu zilipeana namba za nasibu kwa Bluetooth, na ulinganishaji wa namba za wagonjwa na namba zilizokusanywa ulifanyika ndani ya simu ya kila mtu. Serikali haikupata orodha ya nani alikutana na nani. Baadhi ya maofisa wa afya walilalamikia hilo, kwani walitaka orodha. Kwa maoni yangu ule ndio mfano bora tulionao wa muktadha nyeti kutumika bila kukusanywa, hata kama uliwekwa na kampuni mbili ambazo siku nyingine hukusanya bila kusita.

Lakini kubaki simuni si kinga peke yake. Chukua huduma inayojibu umbali tu: niko kilomita 2 kutoka ulipo. Inaonekana haina madhara. Muulizaji anayedanganya mahali pake akauliza kutoka sehemu tatu tofauti atachora duara tatu, na zinapokatana ndipo ulipo. Programu za kutafutia wachumba zimewahi kunaswa na mtego huohuo. Kwa hiyo seva ya mfukoni lazima ihesabu maswali ya kila muulizaji, itoe majibu ya makadirio mapana, na iweke daftari ambalo mwenyewe anaweza kulisoma: nani aliuliza, nini, lini, akajibiwaje. Daftari hilo, wingu haliwapi watumiaji wake.

Sheria zetu hazijaufikiria mpangilio huu. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, Uganda mwaka huohuo, na Tanzania ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Zote zinamwona upande mmoja mwenye taarifa, na upande mwingine mkusanyaji na mchakataji, anayepaswa kujisajili na kuwajibika. Kondakta ambaye simu yake inajibu maswali ya abiria ni nani katika mgawanyo huo? Taarifa ni zake, seva ni yake, na anayemuuliza anaacha nyayo kwenye daftari lake. Akilazimishwa kujisajili kama ilivyo benki, hatajisajili, ataendelea kumpa taarifa zake mwenye wingu aliyejisajili. Tume ya Tanzania na ofisi ya kamishna wa Kenya zinazosimamia sheria hizo zingefanya vizuri kutoa mwongozo mfupi kuhusu mtu anayejihudumia kwa simu yake, kabla hawajaletewa kesi ya kwanza.

Hadi hapa nimeizungumzia simu ya mfukoni. Nadhani wazo hili litashika kwanza kwenye simu isiyo ya mfukoni. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionesha kundi la simu 10 za Pixel 3A zilizotumika likifanya kazi za seva kwa gharama ndogo ya kaboni. Mwaka 2025 wenzao wa Tartu, Estonia, mji ambako Srirama aliendeleza kazi yake baada ya Aachen, walitoa betri kwenye simu kuukuu, wakaziunganisha na umeme wa nje na kuzigeuza vituo vidogo vya data, kwa takriban euro 8 kwa simu. Walizijaribu hata chini ya maji kufuatilia viumbe wa baharini. Simu ya namna hiyo haina mwenyewe wa kulindiwa faragha, hailazwi na Doze kwa kuwa imechomekwa, na haihamihami. Muktadha wake ni wa mahali: joto la ghala la mahindi, mlio wa pampu ya maji, msongamano kwenye kituo cha basi, mwanga darasani. Kihisi, redio, kumbukumbu na kamera vyote vimo tayari, vimelipiwa.

Na simu kuukuu tunazo. Kila mtaa una fundi mwenye droo yake, ndani mna simu zenye kioo kilichopasuka na ubao mzima. Kijana anayesoma programu Nairobi, Mwanza, Bujumbura au Goma hahitaji akaunti ya wingu inayolipiwa kwa dola ili kuanza. Achukue simu moja ya hivyo, aifute taarifa zote za mwenyewe wa zamani, aweke programu ya Termux na seva nyepesi, aichomeke kwenye umeme, kisha aifundishe kujibu swali moja kuhusu mahali ilipo. Ikimshinda kufikika kutoka nje, ampigie mtoa huduma wake wa simu aulize kwa nini laini anayoilipia haipewi anwani ya IPv6 inayopokea maombi hata pale mteja mwenyewe anapoitaka. Maswali ya aina hiyo yakiwa mengi, kampuni hizo zitalazimika kujibu.